Herufi Ndogo

Bukene, saa kumi na moja alfajiri, treni ya mizigo haijapita,
Tulizo alizaa amesimama
kama anayeshusha dumu jingine tu.
Nikamulika kwa simu.
Nilitegemea kijivu, rangi ya mama na baba,
kijivu cha jivu lililolala mekoni.
Kilichodondoka kilikuwa chekundu,
chekundu kama tofali linalotoka tanurini,
kimelowa, kinatafuta miguu yake.

Saa mbili Shija Ngasa yuko langoni.
"Rangi hiyo ni ya dume langu.
Ua wako una pengo. Mwaka jana, wakati kama huu, niliona kwato."
Hakuja kupongeza. Alikuja na kamba,
na nyuma yake mtendaji wa kijiji, anapiga mswaki bado.

Ningejibu nini?
Nina daftari la maji: nani kalipa, nani ananidai chenji.
Sina daftari la nani kampanda nani.

Ndipo Nyanzala, kidato cha tatu, yuko likizo,
akaokota mkaa
akachora dirisha la vioo vinne ubavuni mwa tangi.
Juu akaandika K kubwa na k ndogo. Pembeni vilevile.
"Kijivu ni herufi kubwa, baba. Ina sauti.
Wekundu ni herufi ndogo, hausemi mbele ya mkubwa wake.
Lakini haufi. Unasafiri kimya ndani ya kijivu,
mama hadi mwana, mwana hadi mjukuu."
Akajaza vyumba. Kubwa na kubwa. Kubwa na ndogo, mara mbili.
Chumba cha mwisho ndogo na ndogo, peke yao,
kama watoto walioachiwa nyumba.
"Hapo ndipo wanaongea."

Shija akacheka. "Moja kwa nne! Na huyu ni wa nne wa Tulizo. Hesabu imetimia, eti?"
"Haitimii. Kila mimba inarusha shilingi upya.
Angeweza kuzaa wekundu wanne,
au azeeke bila hata mmoja."

Nikamkumbuka bibi yake Tulizo,
aliyeletwa na shangazi Holo kutoka Itobo,
mwekundu, mguu wa nyuma mbovu, tukimwita Kutu.
Tulimuuza mnadani kabla sijaota ndevu.
Nilidhani tumemuuza wote.

"Na dume letu?" nikauliza.
"Ulimnunua Igunga, baba. Nani anajua alikuja na nini?"

Mtendaji akatema povu.
"Kwa hiyo dirisha linasema baba ni nani?"
Nyanzala akafuta vidole kwenye sketi.
"Halisemi nani. Hata dume la mzee Shija anaweza.
Linasema tu kwamba si lazima pawe na pengo."

Sikulipenda jibu lile. Nilitaka hukumu.
Nikabaki nautazama mkono wake wenye masizi,
mkono wa maji ya kunde
katika nyumba ya watu weusi ti.
Miaka kumi na sita iliyopita nilihesabu miezi kwa vidole,
nikarudia,
nikakaa siku tatu bila kumbeba.
Mama yake sikumwuliza.
Nilikagua ua tu, kimyakimya.

Kabula alikuwa anapepeta mpunga pale kizingitini.
Hakuinua uso.
Ungo ulisimama kidogo,
kisha ukaendelea.

Shija tulimpa safari sita za maji, bila deni na bila ushindi,
akaondoka na kamba yake mkononi.
Mchana yule mdogo alipokauka
msalaba ukajitokeza mabegani, palepale pa mama yake,
ila umeandikwa kwa wino mwingine.

Mchoro sijaufuta.
Wateja wakija huuliza, je, hiyo ndiyo bei mpya?
Nawaambia hapana, dumu ni bei ileile,
na huyo anayewajazia ni binti yangu.