Kopo la Faini

Mimi ndiye niliyeshika kopo.
Kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Kila Jumapili saa tisa, nyuma ya parokia ya Kadutu,
sisi watoto wa Idjwi tunaosoma Bukavu
tulijibana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti kidevuni,
tukaongea Kihavu kwa woga.

Sheria aliileta Kajibwami, rais wetu:
neno la Kiswahili, franka mia mbili;
neno la Kifaransa, mia tano,
kwa kuwa hilo, alisema, limepanda ngazi ndefu zaidi kutukimbia.
Siku ile ile akatozwa mia tano.
Hakujua kusema "ajenda".

Nilicheka. Nimezaliwa kisiwani,
nimekula mananasi yake hadi ulimi ukatoka damu.
Lakini Jumatatu hadi Jumamosi
kinywa changu kilikuwa nyumba ya kupanga.
Profesa wa anatomia aliita mifupa kwa Kifaransa,
na mpaka leo sijui femuri ni nini kwa mama yangu;
kwetu mguu ni mguu, unatembea.
Nyawera nilipatana bei kwa Kiswahili cha Bukavu,
kile kinachosema *batu*, kinachosema *iko*,
kile ambacho binamu yangu aliyesomea Kigoma
hukisahihisha kwenye simu
kama anayemfuta mtoto kamasi.
Askari wa kizuizini alitaka Lingala.
Nilimpa Lingala. Akataka na mia tano.
Naye alikuwa na kopo lake.

Usiku palikuwa na Wakilongo,
Mrega wa Shabunda, kitanda kwa kitanda miaka miwili.
Ugali wa mwisho wa mwezi tuliuita "rufaa".
Mvulana anayeahidi tulimwita "umeme":
unajua kwamba upo, hujui lini.
Tuliongea hivyo gizani, mshumaa umeisha,
na mtu wa tatu akiingia hakuelewa kitu,
tukamwonea huruma kama mgeni wa mbali.

Kisha Novemba, katikati ya kikao, simu.
Shangazi alisema maneno matatu kwa Kihavu.
Niliyaelewa yote matatu.
Nikajibu:
"Hapana. Bado. Alisema atakuja."
Na mhazini ndani yangu, Mungu anisamehe,
akahesabu: maneno manne, mia nane.

Kilichofuata hakikuwa na bei.

Cubaka alilifungua kopo kwa mpini wa kijiko.
Noti zilimwagika, laini, zimechoka kama vitambaa vya jikoni.
Walizihesabu kwa Kifaransa,
maana hakuna kati yetu anayejua kuhesabu fedha nyingi vinginevyo,
na hakuna aliyewatoza.
Zilitosha boti ya asubuhi kutoka Muhanzi, nafasi nne,
sanda, na sukari kilo kumi.
Makosa yetu ya mwaka mzima,
kila *ajenda*, kila *lakini* iliyoponyoka,
ndiyo yaliyomzika baba yangu.

Nafasi ya nne aliichukua Wakilongo.
Hakuniuliza.
Juu ya maji nilimfundisha neno moja, *koko*,
asante ya kwetu, inayobisha mara mbili
kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba.
Alilibeba hilo moja siku mbili nzima.
Alimwambia aliyempa kiti, aliyempa maharage,
aliyemkanyaga.
Aliliambia jeneza lilipompita,
na wanawake wakanyamaza kidogo,
kwa sababu pale husemwa neno jingine,
na kwa sababu lilifaa.

Mama alimshika mkono, akanigeukia:
huyu ni wa watu gani?
Nilitafuta. Nilipekua Kihavu chote nilichobakiwa nacho,
pembe hadi pembe.
Nikasema, ndugu yetu, wa,
na hapo lugha ikaniachia mkono,
nikaazima ng'ambo ya ziwa:
*chumbani*.

Mama akaitikia kwa kichwa, akampisha mkekani.
Kopo liko juu ya kabati, tupu.
Bado nadaiwa mia mbili.