Kabla Hujapewa Ufunguo

Karibu, mwanangu. Weka begi chini, usikae bado.
Kodi tumeshaongea, imekwisha hiyo.
Njoo kwanza uani, inama hapa,
chini ya kipande hiki cha bati, pembeni ya mita:
hii ndiyo valvu. Izungushe.
Siyo kwa macho, kwa mkono. Tena.
Aliyekutangulia, Lameki, kijana wa mahesabu,
alikaa miaka miwili asijue ilipo,
akaja kuitafuta kwa tochi ya simu
usiku ambao maji yalishafika kwenye godoro.

Nikuambie ilivyokuwa.
Hapa Ipagala maji yana siku zake, kama mnada.
Jumatatu kavu. Jumanne kavu.
Alifungua koki, ikakohoa upepo,
akasonya, akaenda kulala.
Hakuifunga. Afunge nini, na hakitoki kitu?
Saa tisa usiku yakaachiwa kutoka Mzakwe,
na tundu la sinki lilikuwa limezibwa na dekio.
Basi. Vyeti vyake vyote tulivianika kambani
kwa vibanio vya nguo, siku nne,
na hata leo, kwenye kile cha kidato cha sita,
jina lake limevimba.

Kwa hiyo sheria ya nyumba hii ni moja, nyingine ni watoto wake:
koki isiyotoa maji ndiyo ya kufunga kwanza.

Funga, lakini usinyonge.
Ndani mna washa ya mpira, ndogo kuliko sarafu,
na ukiikaba kila siku italala chali
iache maji yapite juu yake, tone, tone.

Maji yetu ni magumu, birika litakuonyesha.
Chokaa nayo ni mpangaji:
inahamia kimya, hailipi,
na kuitoa ni kesi.
Mwisho wa mwezi fungua kichwa cha bomba la kuogea,
kiloweke kwenye ndimu mpaka asubuhi.
Ndimu ziko kwangu, gonga tu.

Mafuta ya chapati mimina kwenye kopo.
Na mlenda! Usidanganyike.
Mlenda huteleza kooni tu;
kwenye kona ya bomba unaweka kikao,
unamwita ukoko wa ugali, unaziita nywele,
wakishajaa ndipo chemba inaponisalimia mimi dirishani.

Lile bomba la tanki nimelifukia mwenyewe, kina cha kiwiko,
maana jua la hapa hukausha plastiki kama mfupa.
Ukitaka kupanda mchicha, niulize kwanza.

Fundi ni Chedego. Namba yake ipo nyuma ya mlango wa jiko,
kwa mkaa, usiipake rangi.
Mpigie likiwa bado tone.
Tone analitoza soda.
Mto, anataka mbuzi.

Najua unavyonitazama. Bibi mchoyo.
Nilikulia Manda, mwanangu,
na kiangazi tulichimba mchanga wa korongo
hadi mama akazama mabega.
Mimi juu, na ndoo.
Maji yalikuja yenyewe yakitaka, kata moja,
halafu mnangoja,
hakuna anayesema, hata ndama walikuwa kimya,
kata nyingine.
Nyumba nimejenga kwa zabibu, misimu kumi na mmoja,
nimeweka mabomba manne, nimeyalipia,
na mpaka leo likidondoka tone usiku,
hata chumbani kwako, kuta mbili kutoka kwangu,
nashtuka,
mkono umeshaanza kupapasa sakafuni
ukiitafuta ile kata.

Haya, ufunguo huu hapa.
Ngoja.
Ile valvu. Ifunge mara ya mwisho, nione.