Pua ya Mfalme

Mti tunaouchonga huku Ruse, kando ya Danubi,
unaitwa lipa.
Jina zuri. Halijawahi kumlipa mtu.

Mwaka ule wa theluji nyingi nilichonga mfalme wa vikaragosi,
nikampa pua ndefu, imepinda kidogo kushoto.
Pua ya baba yangu, naapa, ya baba yangu tu.
Ila Waziri naye alikuwa nayo.

Fomu ya ruzuku: kurasa kumi na tisa.
Swali la saba: Kazi hii itaimarisha nini?
Nikaandika: vicheko.
Bi Snezhana wa dirisha la tatu akanirudishia.
"Velizar, mwanangu, vicheko havina safu.
Andika umoja."
Nikaandika umoja.
Halafu akakisogelea kitundu cha kioo,
pumzi yake inanuka kahawa ya mashine:
"Na ile pua. Ipunguze. Picha imeshafika juu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama. Kodi ya miezi minne ilikuwa ikinidai,
na Kalina anashona majoho ya mfalme
kwa mapazia ya marehemu mama yake.
Msumeno mdogo, mikwaruzo sita, saba,
pua ya baba ikaanguka mezani
bila kishindo.
Niliitia ndani ya kiberiti kitupu
nikakisukuma nyuma ya redio.

Fedha zilikuja Mei. Nusu.
Siku ya ufunguzi Waziri aliketi mstari wa mbele,
akacheka hadi akatafuta leso:
"Mfalme huyu! Mtangulizi wangu mtupu!"
Watoto hawakumtazama mfalme.
Walikuwa wanamtazama yeye.

Majani yalipopukutika, serikali nayo ikapukutika.
Fomu mpya, kurasa ishirini na mbili.
Swali la saba: Eleza ulivyonyanyaswa na utawala uliopita.
Kioo kilekile, kahawa ileile,
Bi Snezhana amebadilisha miwani tu.
"Ile pua, Velizar, unayo bado?
Sasa wanaipenda. Wanaiita ushujaa."

Ushujaa! Mimi niliyeishika msumeno kwa mkono huu!
Nilisaini.
Gundi haikushika vizuri; pua ikakaa imepinda kulia,
na gazeti la mji likaandika aya mbili nzima
juu ya maana ya kule kupinda.

Kalina alisoma, akakunja gazeti,
akafungia samaki.

Jana, baada ya onyesho, mtoto mmoja
alipenya nyuma ya pazia, akamgusa mfalme usoni.
Pua ikamdondokea kiganjani.
Hakushtuka. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa taa,
kipande cha lipa kisichozidi kidole chake,
akaniuliza: "Hii ni ya nani?"

Jibu ninalo tangu utotoni.
Ila kabla sijafungua mdomo
niligeuka, nikaangalia mlango.