Sabini hadi Mia Mbili na Kumi

Fundi Muasya alitaka elfu sita.
Nikaigeuza mkononi, nzito kama kopo la rangi,
nikaiinua kwenye dirisha la ngazi, ghorofa ya pili, Luthuli,
nikaona nyuma ya kioo cha kwanza
kuvu: uzi mweupe umejikunja pembeni
kama unywele wa mtu aliyewahi kuishi humo.

"Haionekani kwenye picha," akasema.
"Hata mimi nina kitu kwenye pafu. Kinaonekana?"
Nikatoa elfu tatu na mia tano.
Akatafuta mfuniko, akapata usiolingana,
akaukaza kwa gundi ya karatasi
na kunishika mkono kama mtu anayeoza binti.

Adapta ilinigharimu kuliko lenzi yenyewe.
Hilo sikumwambia Mogaka.

Nyumbani, Umoja, kamera haikuitambua.
Iliandika: hakuna lenzi.
Karibu kilo nzima ya chuma na kioo imening'inia usoni pake
nayo inaapa haijaona kitu.
Ilibidi niingie kwenye menyu, nishuke, nishuke tena,
niipe ruhusa ya kupiga
hata ikijidhania kipofu.

Hii haina injini. Hainong'oni ikitafuta uso wa mtu.
Ukitaka karibu, vuta.
Ukitaka mbali, sukuma.
Ukitaka kuona sawasawa, zungusha mshiko huo huo,
taratibu, mafuta yake yameganda miaka,
hadi kingo za vitu zianze kuwaka nyekundu kwenye skrini,
upitilize kidogo, urudi,
upitilize, urudi.
Na ukiielekeza chini hujishukia yenyewe,
shuu,
kama soksi iliyolegea.
Nimeivisha kipande cha tyubu ya baiskeli.

Jumapili nikaipeleka mzunguko wa Nyayo,
kwa korongo wale wakubwa wenye upara
wanaokaa juu ya migunga
wakinyea magari bila kuuliza bei.
Picha arobaini na moja.
Thelathini na nane ukungu mtupu.
Moja ina mdomo, jicho limepotea.
Moja ina mguu.
Moja ni tangazo la benki, safi kabisa, hadi nukta ya mwisho.

Nilipokuwa nikiifuta ndipo nikaona.
Namba zote kwenye bomba bado nyeupe
ila mia na thelathini na tano,
iliyofutika, na hapo rangi imechubuka mstari mwembamba
pale mshiko uliposimama, ukasimama, ukasimama.

Nikampigia Muasya. Ilikuwa ya nani?
"Wekulo. Alipiga mpira City Stadium, nyuma ya goli,
enzi zile watu wakikaa hadi juu ya ukuta.
Hakuwa mtu wa kuvutavuta.
Alisema ukishajua umbali wako, ngoja,
watakuja wenyewe."

Basi nikaiweka pale pa Wekulo,
nikatoka barazani, ghorofa ya nne, giza likiingia,
nikangoja.
Alipita mtoto na jerikeni: karibu mno.
Ikapita bodaboda: haikunisubiri.
Kisha kibandani, chini ya balbu ya Mama Nduku,
mwanamume aliyebonyeza parachichi moja baada ya jingine
akaanza kuwaka nyekundu kingoni,
kwanza bega, halafu sikio,
halafu akaambiwa neno akacheka
kicheko ambacho sijakisikia mezani kwangu
tangu tulipoanza kulipa ule mkopo.
Alikuwa wangu.
Nikabonyeza nikiwa nimechelewa kidogo.

Alipopanda na mfuko wake nikamwonyesha.
Aliitazama sana, akaikuza, akaipunguza.
Taa ya kibanda ilikuwa imemwagika kichwani pake,
duara pana, la maziwa, lenye kingo zisizojulikana zinaishia wapi.

"Mbona hapa nina nuru?"

Ni kuvu, nikamwambia.

Bei ya adapta bado.