Kipimo: Moja kwa Elfu Tano

Mandhari ni maandishi, alisema profesa, jifunzeni kuyasoma.
Nikapanda basi la alfajiri hadi Santa Comba de Lourido,
parokia ya Galisia ambako mvua hainyeshi kutoka juu bali ubavuni,
na mkobani picha mbili za angani:
ya mwaka hamsini na sita, na ya mwaka jana.

Katika ile kuukuu kilima ni kipara
chenye mikunjo kama ya kiganja:
njia za mbuzi, vijia vya wakata toxo,
kichaka kile cha miiba na maua ya njano
kilichotandikwa chini ya ng'ombe, kikaoza, kikawa samadi,
kikapanda mezani kwa jina la mkate.
Katika ile mpya, kijani.
Kijani tu, bila nukta wala mkato.

Nikaandika daftarini: UPORAJI.
Nikalipigia neno mstari.

Eudosia Outeiral alinipokea kwa buti za mpira na mundu.
"Picha umeishika kichwa chini, Iria," akasema,
akatangulia.

Jiwe la nne la mpaka tulilifukua kwa mikono
chini ya magome yaliyobambuka kama bandeji.
Kilima hiki, akasema, ni cha moshi.
Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anayemsemesha karani:
kila nyumba inayofuka moshi ina haki yake huku juu.
Hairithiwi. Haiuzwi. Ukihama, jiko likipoa,
haki nayo imepoa.
Nilijua pafukapo moshi pana moto;
sikujua kwamba pana na hati ya ardhi.

Wakaja watu wa misitu, bila barua, na misonobari kwa malori.
Mbuzi wakatozwa faini kwa kula nyumbani kwao.
Kalamu yangu ilikimbia; hayo ndiyo niliyoyafuata.
Na mikalitusi? nikauliza. Aliileta nani?

"Mimi."

Walipoturudishia kilima tulikutana shuleni,
nyumba thelathini na tano, mikono thelathini na moja juu,
na huu ulikuwa mmojawapo.
Brais wangu alikuwa Baseli akifua mashuka ya hoteli.
Ng'ombe wanne wanataka kukamuliwa hata siku ya mazishi.
Mti hautaki kukamuliwa.
Mchestinati hukulipa ukishakufa; huu, miaka kumi na miwili,
lori linakuja, paa linapona.
Chemchemi? Ilikuwa hapo unapokanyaga.
Usinitazame hivyo.
Mti una kiu, ndiyo, lakini glasi tulishika sisi,
na bei ya glasi ilipangwa kiwandani, kule chini horini,
ambako upepo ukigeuka hunuka kabichi iliyochacha.

Neno langu likabaki daftarini kama mgeni aliyekosa kiti.
Daftari lenyewe, nikakumbuka, jeupe mno;
sikuuliza lilikuwa mti gani.

Tukiteremka nikahesabu dohani: saba zinafuka.
Ya nane ni ya Mholanzi aliyenunua nyumba ya akina Caxigueiro;
ana jiko la umeme, hana moshi,
na mkutano unabishana tangu Januari kama ana kilima au hana.
Nilijaribu kuwatia wote ramanini.
Kwa kipimo cha moja kwa elfu tano nyumba ni punje ya mchele,
mtu hayupo,
moshi hauna alama.

Jikoni akanimiminia kahawa, akafungua mlango wa jiko,
akasukuma ndani gogo la mkalitusi,
bichi, makusudi,
kisha akatoka uani kuangalia
kama moshi unaonekana hadi ofisi za halmashauri.