Mpira wa Tano

Vipande vyake vya kazi ninavyo kumi na vinne,
vingine mchwa wamekula tarehe.
Mbele: siku thelathini, muhuri wa kampuni,
jina, Singano Mbelwa, kabila, kimo.
Nyuma: vijiti vya penseli, vitano vitano,
kama anayehesabu matita ya mkonge.
Sivyo. Ni watu aliowatoa.

Baba yangu alilipwa kurusha mpira.
Ukisema hivyo Ngamiani watu wanacheka,
wanauliza: kipa? beki?
Hapana. Kriketi. Mpira mwekundu wa ngozi,
mgumu kama moyo wa mdai,
na vijiti vitatu nyuma ya bwana
aliyejifunga magodoro miguuni.
Kwenye daftari la mshahara walimwandika mfunga marobota.
Robota hakufunga hata moja.

Alijifunzia Muheza, kwa machungwa.
Mama yake akiyapanga mafungu njiani,
yeye akiiba yaliyooza upande mmoja,
maana chungwa bovu huenda kushoto
ukilitupa kulia. Aliniambia hilo
kama mtu anayetaja dini yake.

Jumamosi, saa nane, uwanja wa Raskazone.
Hatua fupi sita, za mtu anayekwenda kuazima chumvi,
halafu kiwiko, halafu kidole cha kati
kikiusindikiza mshono.
Mpira ulitua mbali, ukakaa kidogo, ukafikiri,
ukaingia ndani.
"Tanga! Waja leo, waondoka leo!"
wapishi walipiga kelele nyuma ya ua,
na bwana fulani wa Mombasa,
aliyesafiri siku nzima na kibao chake mkobani,
akarudi kivulini kabla jasho halijamtoka.

Shilingi moja kwa kila kichwa.
Chai yake, kwenye bomba la nje.

Kisha ile siku ambayo kila mtu huisimulia vibaya.
Wanasema meneja alimwekea dau:
nitoe mara tano mfululizo, mshahara nikuongeze maradufu.
Ni kweli. Wanasema alishindwa.
Nilikuwepo, nina miaka tisa, nimeshika kopo la maji.
Wa kwanza, kijiti cha kati. Wa pili, hukohuko.
Wa tatu meneja alicheka. Wa nne hakucheka.
Wa tano baba aliutazama mkononi
muda mrefu, kama barua ya mtu mwingine,
akautupa pembeni kabisa, kwenye majani,
akaenda zake kunawa.

Nilimuuliza mwaka ule.
Nikamuuliza tena nikiwa na watoto wangu.
"Ule niliuweka," alisema.
Ukamwekea nani?
Akaomba pilipili.

Nailoni ikaja, bei ya katani ikaanguka,
mabwana wakafunga masanduku.
Uwanja ukalimwa mihogo, kisha ukajengwa.
Yeye alikwenda bandarini kuhesabu magunia
kwa mkono wa kushoto, wa kulia mfukoni.
Hakuna gazeti lililomwandika.
Nimejumlisha vijiti: mia tatu na kumi na saba.
Palipoliwa sikuhesabu,
mchwa nao wana chao.

Walipomuosha, kaka yangu alitoka kimya.
Kidole cha kati kilikataa kunyooka.
Wakamvika sanda hivyohivyo.

Jana, nyuma ya shule, Makorora,
watoto wanacheza na mpira wa tenisi,
ndoo ya rangi ndiyo vijiti.
Msichana mmoja, amevaa kaptula ya kaka yake.
"Piga singano!" wenzake wanamhimiza. "Piga singano!"
Nikasogea, nikamuuliza singano ni nini.
Akanionyesha kidole, kimekunjwa juu ya mshono.
"Hivi. Ukiuachia, unaingia ndani."
Nani kakufundisha?
"Hakuna. Ndivyo inavyoitwa tu, bibi.
Pisha kidogo."

Nikapisha. Sikumwambia kitu.
Hatua fupi, sikuzihesabu.
Mpira ulitua mbali, ukakaa kidogo,
na ndoo ikalia.