Vigingi Kumi na Saba

Siku ya kwanza Kitangari hatukupewa jembe.
Tulipewa kiti kimoja kimoja cha plastiki
na Mwalimu Somoe akasema: kaa, tazama, usiguse kitu,
saa nzima.
Mimi niliyelima tangu sijaota meno ya pili
nikatazama sisimizi wakihama
kutoka kwenye kisiki kuelekea kichuguu,
moyoni nasema: nimeacha palizi kuja kuchunga sisimizi.

Tulilala ishirini na wawili kwenye ghala la zamani la ushirika,
magodoro chini, harufu ya magunia na salfa haijatoka.
Chilumba wa Nanyamba alikoroma kama pampu ya kupulizia mikorosho.
Asubuhi uji wa mtama, kisha kinyesi:
cha ng'ombe, cha mbuzi, cha popo wa darini,
tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, majivu, maji kidogo,
na fimbo ndefu tukaichomeka katikati ya lundo
kama mtu anayempima mgonjwa homa.
Siku ya nne niliichomoa ikaniunguza kiganja.
Nilicheka peke yangu. Moto,
na hakuna aliyewasha kiberiti.

Kwetu Agosti ndiyo kiberiti.
Babu alichoma, baba alichoma,
kila jani lililoanguka tuliliita taka,
tukafagia chini ya mikorosho hadi ardhi ikabaki uchi, nyekundu,
tukajisifu: shamba limeng'aa kama kipara.
Mvua ya Desemba ikija inateremka na udongo wetu hadi bondeni,
na kesho yake wanawake wanashuka bonde hilohilo
kuyafuata maji, ndoo kichwani.
Sijui kwa nini sikuwahi kuziunganisha hizo safari mbili.

Siku ya tisa tulifunga miti miwili kwa mpira wa baiskeli,
wa tatu ukakatiza tumboni,
juu tukaning'iniza kijiwe.
Kijiwe kikitulia kwenye alama, miguu ipo sawa:
piga kigingi, geuza, sogea.
"Mgeni usiyempa kiti hupita," akasema Somoe,
na hapo ndipo nilipokikumbuka kile cha plastiki.

Jioni, kila mtu achore kwake kwenye karatasi ya manila.
Nikachora nyumba, bafu, migomba kwenye shimo la maji ya kuogea,
kunde, mbaazi, mikorosho arobaini na mmoja.
"Sasa chora itakavyokuwa baada ya miaka saba."
Penseli ikagoma.
Korosho za Oktoba si zangu.
Nilizitoa kangomba mwezi wa tano, mti haujatoa hata ua,
kwa Nangumbi, kwa sare na madaftari ya Sikudhani.
Nani anachora miaka saba
na Oktoba ameshaila?
Nikaandika pembeni, herufi ndogo: hapa pana deni.
Somoe aliisoma. Hakuifuta.
Aliuliza tu lipo upande gani, juu ya nyumba au chini.
Juu, nikasema. Ni jirani. Linatazama uani.

Nimerudi Makote na cheti,
mbegu za ngwara ndani ya soksi, miti mitatu begani.
Esha alikitazama kijiwe:
"Wiki mbili, umeniletea bembea ya kuku."
Lakini alishika mguu wa kulia.
Kigingi cha kwanza karibu na choo,
cha tano kwenye mkorosho uliopigwa radi.
Mstari haukunyooka kama matuta niliyozoea,
ulikwenda kama mtu anayetafuta ndala gizani,
na cha kumi na sita kikaangukia mpakani, kwenye mkonge.

Cha kumi na saba kinataka kwa Nangumbi.
Maji hayakuwepo tulipoandikiana.
Yanaanzia kwake, yanapita kwangu;
mtaro nikiukatia hapa, mvua ya kwanza itaupasua.

Nimesimama, kigingi mkononi.
Nangumbi ametoka na singlendi, mswaki mdomoni,
anauliza hicho ni kitu gani.

Nimemwambia shika mguu wa kushoto, usiutikise,
ngoja kijiwe kitulie.